Swali Lililoandikwa: Jinsi Wabunge wa Uingereza Walivyozidai Idara za Serikali Hesabu

Katika mazungumzo haya tunakusudia kueleza habari za chombo kidogo cha utawala ambacho watu wengi hawakifikiri sana, kwa sababu hakina kishindo. Hakipigiwi ngoma wala makofi, na siku kinapotumika hapana mtu anayekusanyika barazani kukitazama. Chombo hicho ni swali ambalo mbunge huliandika katika karatasi, akalipeleka kwa makarani wa Bunge, ili waziri fulani alijibu kwa maandishi. Tutaeleza asili yake katika nchi ya Uingereza, kisha jinsi linavyofanya kazi, na mwisho tutasimulia mambo matatu ambayo swali la namna hii lilihusika nayo. La kwanza katika hayo matatu lilitokea hapa hapa Afrika ya Mashariki, karibu na mto Tana.

Watu wengi hudhani kwamba mbunge huuliza ili apate kujua jambo asilolijua. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mbunge hodari mara nyingi huwa amekwisha pata fununu ya jambo lenyewe. Anachokitaka ni kuifanya serikali iseme, na iseme kwa maneno yaliyoandikwa, yenye tarehe na jina la waziri chini yake. Maneno ya mdomo huchukuliwa na upepo, na aliyeyasema aweza kusema kesho kwamba hakusikiwa vema. Maneno yaliyoandikwa hukaa. Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakifanya biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na ukweli wa serikali ni mali ya raia, na swali lililoandikwa ndilo daftari lake.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1720 palikuwa na kampuni moja mjini London iliyoitwa South Sea Company. Kampuni hii ilijitwalia sehemu kubwa ya deni la serikali, na hisa zake zikapanda bei kupita kiasi. Mwanzo wa mwaka ule hisa moja ilikuwa karibu pauni 128, na wakati wa kiangazi ikafika karibu pauni 1,000. Mabwana wakubwa na watu wadogo wote walinunua, na wengine waliuza mashamba yao ili wanunue. Kisha bei ikaanguka, na kabla ya mwaka kwisha watu wengi walikuwa wamefilisika. Ndipo ilipojulikana kwamba baadhi ya mawaziri walikuwa wamepewa hisa kwa siri ili waisaidie kampuni. Mtu aliyejua siri zote alikuwa mtunza fedha wa kampuni, Robert Knight, na Januari 1721 mtu huyo alitoroka Uingereza akavuka bahari.

Tarehe 9 Februari 1721, katika Baraza la Malodi, Lodi mmoja aitwaye Cowper alisimama akaiuliza serikali kama ni kweli habari zilizoenea kwamba Knight amekamatwa mjini Brussels. Alijibiwa. Wanahistoria wa Bunge la Uingereza hulihesabu swali hilo kuwa la kwanza kuandikwa katika kumbukumbu. Tazameni basi swali la kwanza lilihusu nini. Halikuhusu vita wala mambo ya mfalme. Lilihusu fedha za watu zilizopotea, na mtu mmoja aliyejua zilikokwenda.

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia baada ya hapo, maswali yalikuwa machache, na hayakuwa na utaratibu. Tangu miaka ya 1830 ilianza kuwa desturi kulichapisha swali mapema katika karatasi ya shughuli za Baraza, ili waziri apate nafasi ya kutafuta habari. Tangu hapo maswali yalizidi mwaka kwa mwaka. Mwisho wa karne ile wabunge wa Ireland, waliokuwa wakidai nchi yao ijitawale, walijifunza kulitumia swali kuwa silaha. Kila mpangaji aliyefukuzwa shambani, na kila askari polisi aliyetumia rungu kupita kiasi huko kwao, alifanywa swali la kuulizwa mjini London. Saa zikapita, na shughuli za serikali zikangoja.

Serikali ilichoka. Mwaka 1902 Arthur Balfour, aliyekuwa kiongozi wa Baraza la Makabwela na ambaye mwaka huo huo alipata kuwa Waziri Mkuu, alileta kanuni mpya. Tangu sasa, mbunge anayetaka kujibiwa kwa mdomo lazima atie alama ya nyota mbele ya swali lake. Swali lisilo na nyota halitatamkwa barazani kabisa. Waziri atalijibu kwa maandishi, na jibu litachapishwa pamoja na taarifa ya mazungumzo ya Bunge. Kanuni ile ilitungwa ili kupunguza usumbufu. Walioitunga waliliona swali lisilo na nyota kuwa la daraja ya pili, kama abiria asiye na kiti.

Lakini ikawa kinyume cha walivyodhani. Swali la mdomo lina saa yake, nayo ni fupi. Waziri aweza kulijibu kwa mzaha, watu wakacheka, na Spika akaita swali la pili. Swali la maandishi halina mzaha. Mbunge aweza kuomba hesabu ya miaka kumi, mwaka kwa mwaka na wilaya kwa wilaya: watu wangapi wamefungwa, wangapi wamekufa, fedha kiasi gani zimetumika, na kwa amri ya nani. Mambo kama hayo hayasemeki kwa mdomo. Na tangu mwaka 1909, Bunge lenyewe lilipochukua kazi ya kuchapisha taarifa yake rasmi iitwayo Hansard, kila jibu liliwekwa katika kitabu ambacho mtu yeyote aweza kukifungua. Hivyo abiria yule asiye na kiti ndiye aliyekuja kuwa mwandishi wa safari nzima.

Sasa tueleze jinsi swali linavyokwenda. Mbunge hawezi kuandika atakavyo. Swali lazima liombe habari au litake jambo fulani litendwe. Lisiwe hotuba iliyovikwa alama ya kuuliza. Lazima lihusu jambo lililo chini ya madaraka ya waziri anayeulizwa. Lisiingilie kesi iliyo mbele ya mahakama. Makarani wa Bunge hulisoma, na kama lina kasoro humwambia mbunge alirekebishe. Likiisha kukubaliwa huchapishwa, kisha hupelekwa wizarani.

Hapo ndipo kazi yake halisi inapoanza, wala raia haioni. Swali huteremka kutoka ofisi ya waziri mpaka kwa mkuu wa idara, na kutoka kwa mkuu wa idara mpaka kwa karani anayelijua jambo lenyewe. Karani huyo hulifungua jalada, akatafuta barua za nyuma, akaandika rasimu ya jibu, na pamoja nayo maelezo ya siri ya kumwonyesha waziri ukweli ulivyo na hatari iliyopo. Kisha rasimu hupanda tena ngazi zile zile. Kila mkubwa huisoma na kutia mkono wake. Kwa hiyo swali moja la mistari mitatu huwalazimisha watu wengi wa idara wajiulize wenyewe: je, jambo hili tulilifanya sawasawa? Mara nyingi idara hurekebisha kosa lake kabla ya siku ya kujibu, ili waziri apate kusema kwamba kosa halipo. Mbunge hatasifiwa kwa hilo, lakini kazi yake imetendeka.

Wakati wa ukoloni ngazi ilikuwa ndefu zaidi. Swali lililoulizwa London juu ya Kenya, Tanganyika au Unguja lilifika kwanza katika Wizara ya Makoloni. Wizara ilimpelekea simu gavana au balozi mkazi. Kutoka makao makuu liliteremka kwa mkuu wa jimbo, na kutoka kwake kwa Bwana Shauri bomani, naye pengine alimwita liwali au chifu kuuliza habari. Hivyo yawezekana kwamba mzee mmoja kijijini, asiyejua kabisa kwamba kuna mtu aitwaye mbunge, aliulizwa juu ya ng'ombe wake au shamba lake kwa sababu mtu mmoja wa mbali alikuwa ameandika mistari mitatu katika karatasi.

Walakini ngazi hii ilikuwa na ila kubwa, nayo tuitie moyoni, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari inayofuata. Jibu alilolitoa waziri London lilikuwa ni maneno aliyoyapata kwa gavana, na gavana aliyapata kwa walio chini yake. Yule aliyelalamikiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika jibu.

Katika nchi zetu wenyewe yalikuwako mabaraza ya kutunga sheria. La Kenya lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, na la Tanganyika mwaka 1926. Kwa miaka mingi hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Eliud Mathu aliingia katika Baraza la Kenya mwaka 1944, na mwaka 1945 Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma waliingia katika Baraza la Tanganyika. Watu hawa walikuwa wachache sana mbele ya maofisa wa serikali, na kila ilipopigwa kura walishindwa. Lakini swali halipigiwi kura. Mtu mmoja peke yake aweza kuuliza, na serikali yenye wingi wote hapana budi ijibu, au ionekane mbele ya watu wote kwamba imekataa kujibu. Ndiyo sababu swali limekuwa siku zote silaha ya wachache.

Sasa tuje kwenye habari ya kwanza tuliyoiahidi. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Makumi ya maelfu ya watu waliwekwa katika kambi pasipo kuhukumiwa na mahakama. Habari za mapigo na mateso zilianza kutoka. Wafungwa wengine waliandika barua, wakazitorosha nje ya kambi, na baadhi ya barua hizo zilifika mikononi mwa wabunge wa Uingereza. Wabunge kadha wa chama cha Labour, kama Barbara Castle na Fenner Brockway, waliuliza maswali mara kwa mara. Bibi Castle hakuridhika na majibu, akasafiri mwenyewe mpaka Kenya mwaka 1955 kuchungua. Na tangu Machi 1957 Waafrika 8 waliochaguliwa kwa kura, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga na Ronald Ngala, nao walisema waziwazi juu ya mambo haya mjini Nairobi. Majibu ya serikali yalikuwa karibu ya namna moja: makosa yaliyotokea ni ya mtu mmoja mmoja, yamechunguzwa, na waliokosa wamechukuliwa hatua. Februari 1959 Bunge la Uingereza lilijadili hoja ya kutaka uchunguzi ulio huru juu ya kambi za Kenya. Serikali ilikataa, na kwa wingi wake ikashinda.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa 85 walipelekwa kwa nguvu kwenda kuchimba mfereji. Siku zile palikuwa na mpango uliotungwa na maofisa wa magereza wa kuwalazimisha wakaidi wafanye kazi. Watu 11 walikufa. Kesho yake serikali ya Kenya ilitoa taarifa kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji. Taarifa hiyo iliwekwa katika maandishi, ikachapishwa, ikasomwa na dunia.

Angalieni sasa nguvu ya maandishi. Kama taarifa ile ingekuwa ni uvumi tu, ingesahauliwa. Lakini serikali ilikuwa imekwisha sema, wala haikuweza kuyameza tena maneno yake. Madaktari walipoichungua miili, waliona alama za mapigo. Hakimu aliyesikiliza habari za vifo vile alitamka mwezi wa Mei kwamba watu wale walikufa kwa majeraha ya kupigwa. Basi wabunge walikuwa na karatasi mbili mkononi, ya kwanza yasema maji, ya pili yasema marungu. Waliuliza bila kuchoka: nani aliyeandika habari ya maji, nani aliyeidhinisha mpango, na waziri aliujua tangu lini? Serikali ililazimika kuzichapisha hati za mambo ya Hola, na Bunge likajadili mwezi Juni, na tena usiku wa tarehe 27 Julai 1959.

Usiku ule Bibi Castle alisema, na wengine wa upande wake walisema. Lakini maneno yaliyochoma zaidi yalitoka upande wa serikali yenyewe, kwa Enoch Powell wa chama cha Conservative, ambaye katika mambo mengine mengi hakuwa rafiki wa watu weusi. Alieleza kwamba Waingereza hawawezi kuwa na mizani moja ya haki nyumbani kwao na mizani nyingine katika Afrika, na kwamba dhima ya vifo vile lazima ichukuliwe na walio juu. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakujiuzulu siku ile; aliondoka katika wizara hiyo Oktoba 1959 baada ya uchaguzi mkuu, na Iain Macleod akashika mahali pake. Tangu hapo mwendo wa kuelekea uhuru ulikaza. Hata hivyo hapana mtu aliyeshtakiwa mahakamani kwa ajili ya watu wale 11. Tusidanganyane, swali halikuwafufua wala halikuwapatia haki yao yote.

Wala habari haikuishia hapo. Wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa kambini walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ilidhihirika mwaka 2011 kwamba majalada mengi ya makoloni ya zamani yalikuwa yamehamishwa na kufichwa katika nyumba ya serikali mahali paitwapo Hanslope Park. Yale majalada ambayo makarani waliyafungua ili kuandika majibu, na yale ambayo hawakutaka kuyafungua, yalianza kusomwa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, William Hague, alisimama katika Baraza lile lile la Makabwela akasema kwamba serikali yake inakiri kuwa Wakenya waliteswa, na inasikitika. Wadai 5,228 walipewa jumla ya pauni milioni 19.9. Ilikuwa miaka 54 baada ya Hola.

Habari ya pili yahusu vita vya visiwa vya Falkland kati ya Uingereza na Argentina. Tarehe 2 Mei 1982 nyambizi ya Kiingereza iliizamisha manowari ya Argentina iitwayo General Belgrano, na mabaharia 323 walikufa. Siku mbili baadaye Waziri wa Ulinzi aliliambia Bunge kwamba manowari ile ilikuwa ikizisogelea meli za Kiingereza. Mbunge mmoja wa Scotland, Tam Dalyell, hakuridhika. Aliuliza swali baada ya swali kwa muda wa miaka miwili: ilionekana lini, ilikuwa ikielekea wapi, nani aliyetoa amri na saa ngapi? Wengi walimwona msumbufu, na hata watu wa chama chake walichoka naye.

Katika Wizara ya Ulinzi kazi ya kutayarisha majibu iliangukia kwa ofisa aitwaye Clive Ponting. Alifungua majalada akaona kwamba manowari ile ilikuwa imegeuza njia tangu asubuhi, ikienda mbali na meli za Kiingereza. Aliandika rasimu za majibu yenye ukweli, lakini wakubwa walitaka majibu ya namna nyingine. Julai 1984 Ponting alimpelekea Dalyell hati mbili kwa siri. Alishtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na Februari 1985 wazee wa baraza la mahakama walimwachilia. Hapa twaona jambo ambalo halionekani katika vitabu vya sheria: swali la maandishi humfikia mtu mwenye dhamiri ndani ya idara, likamkalisha mezani peke yake na jalada, na kumwuliza yeye kwanza kabla ya kumwuliza waziri.

Habari ya tatu yahusu biashara ya silaha. Iraki na Uajemi zilipigana tangu 1980 mpaka 1988, na serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 1985 masharti ya kuzuia vyombo vya vita visiuzwe kwa pande hizo mbili. Vita vilipokwisha, mwezi Desemba 1988 mawaziri wadogo watatu walipatana kuyalegeza masharti yale, lakini Bunge halikuambiwa. Wabunge waliendelea kuuliza, na majibu ya maandishi yaliendelea kusema kwamba masharti hayajabadilika. Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait. Baadaye wakurugenzi watatu wa kampuni ya mashine, Matrix Churchill, walishtakiwa kwa kuuza mitambo Iraki kinyume cha sheria, hali serikali ilikuwa ikijua. Novemba 1992 kesi yao ilivunjika, na Jaji Richard Scott akapewa kazi ya kuchunguza.

Jaji alifanya jambo rahisi ambalo kila mwenye duka angalilielewa. Alichukua majibu yaliyotolewa Bungeni, yenye tarehe zake, akayalaza kando ya barua za ndani ya wizara za tarehe zile zile. Taarifa yake ilitolewa Februari 1996, ikiwa na kurasa zaidi ya 1,800. Ilisema kwamba majibu yale hayakutimiza wajibu wa mawaziri wa kulijulisha Bunge. Serikali iliponea chupuchupu katika kura ya Bunge, kwa kura 320 dhidi ya 319. Na mwezi Machi 1997 Mabaraza yote mawili yalipitisha azimio kwamba waziri lazima alipe Bunge habari za kweli na sahihi, asahihishe kosa lolote mapema iwezekanavyo, na kwamba waziri anayelipotosha Bunge kwa kujua atatazamiwa kujiuzulu.

Msikilizaji huenda akasema, kama katika mambo yote matatu serikali ilificha, swali lina faida gani? Ni haki kuuliza hivyo. Twakubali kwamba waziri ana njia nyingi za kukwepa. Aweza kusema kwamba kutafuta habari kutagharimu mno, au kwamba jambo ni siri ya ulinzi, au aweza kumwelekeza mbunge kwenye jibu la zamani, nalo jibu la zamani lamwelekeza kwenye jibu jingine la zamani zaidi. Aweza pia kujibu neno kwa neno lile lililoulizwa, akaliacha lile lililokusudiwa. Lakini katika mambo yote matatu, uwongo haukupatikana kwa bahati. Ulipatikana kwa sababu palikuwa na maneno yaliyoandikwa ya kuulinganisha na kweli. Pasipo taarifa ya maji, Hola ingekuwa ni ajali. Pasipo majibu ya 1989 na 1990, Jaji Scott asingekuwa na kitu cha kulaza kando ya barua. Mwongo hujulikana kwa maneno yake, na swali ndilo linalomlazimisha ayaseme.

Nchi zetu zimekwisha jitawala, na haki hii ya kuuliza sasa ni yetu kwa sheria zetu wenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 63, yalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 153, yamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Baraza la Taifa au ya Seneti anapoitwa, akajibu maswali juu ya madaraka yake. Maneno hayo ni mazuri. Lakini sheria haiulizi yenyewe. Mbunge ndiye aulizaye, naye huuliza vema akiwa na habari iliyo sahihi.

Hapo ndipo raia anapohusika. Wafungwa walioandika barua kambini hawakuandika kwamba serikali ni mbaya. Walitaja siku, mahali na jambo lililotendeka. Ukimwambia mbunge wako kwamba zahanati haina dawa, ataweza kuuliza swali pana, naye atajibiwa kwa jibu pana, kwamba serikali inalifahamu jambo hilo na inalishughulikia. Ukimwambia ni zahanati gani, ni dawa gani, imekosekana tangu mwezi gani, na fedha zake zilitajwa katika makadirio ya mwaka upi, hapo ametiwa silaha mkononi. Idara italazimika kufungua jalada. Na jibu lake likiisha chapishwa, litunzeni, hata kama halikupendezeni, kwa maana siku yaweza kuja ambapo maneno yale yatahitajiwa, na aliyeyaandika atakuwa amekwisha yasahau.